AL-RAZI: TABIBU WA JICHO, MKONO NA KALAMU





Wanafunzi wetu wengi wanaposikia neno sayansi, mawazo yao hukimbilia kwenye maabara, darubini na mashine za bei kubwa. Anayesoma katika shule isiyokuwa na vitu hivyo huvunjika moyo, akajiona kwamba elimu hiyo haikuandikwa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo tumeona mwaka huu tuwaletee maisha ya tabibu Mwislamu aliyeishi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na darubini, kipimajoto wala sindano ya kuchoma dawa. Vyombo vyake vilikuwa jicho lake, mkono wake, chupa ya kutazamia mkojo wa mgonjwa, na kalamu. Kwa vyombo hivyo alifanya kazi iliyosomeshwa Mashariki na Magharibi kwa mamia ya miaka.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi. Kwa mujibu wa mwanachuoni mkubwa al-Biruni, aliyeandika orodha ya vitabu vyake, alizaliwa tarehe 1 Shaaban mwaka 251 H (865) katika mji wa Rayy. Magofu ya mji huo leo yamo upande wa kusini wa Tehran, mji mkuu wa Iran. Al-Razi maana yake ni mtu wa Rayy, na ndiyo sababu wanavyuoni wengi wanaitwa hivyo. Msomaji asimchanganye na Imam Fakhr al-Din al-Razi, mwenye tafsiri mashuhuri ya Qur'ani, aliyefariki mwaka 606 H. Huyo alikuja baada yake kwa karibu miaka 300.

Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alikuwa mpigaji wa udi. Tiba hakuianza utotoni. Wengi waliomwandika wanasema aliingia katika elimu hiyo akiwa ameshapita miaka 30. Hata hivyo alisoma kwa bidii mpaka akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha akawa mkuu wa hospitali Baghdad, makao ya makhalifa wa Bani Abbas. Wakati huo hospitali iliitwa bimaristani, yaani nyumba ya wagonjwa kwa lugha ya Kiajemi.

VIPANDE VYA NYAMA

Kisa kinachojulikana zaidi katika maisha yake ni cha kuchagua mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad. Wanahistoria wanasimulia kwamba alipotakiwa ushauri, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe katika sehemu mbalimbali za mji. Baada ya muda vikaangaliwa. Mahali ambapo nyama ilichelewa kuoza ndipo aliposhauri pajengwe.

Hebu tukitazame kisa hiki vizuri. Chombo kilichotumika ni nyama ya buchani na kamba. Lakini ndani yake mna mpango: kitu cha aina moja kinawekwa mahali tofauti, kisha matokeo yanalinganishwa. Kama nyama za sehemu zote zingekuwa za aina moja na zimetundikwa kwa wakati mmoja, basi kinachobaki kutofautisha ni mahali penyewe. Leo tunajua kwamba nyama huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba joto na unyevu huvipa nguvu. Al-Razi hakuvijua vijidudu hivyo. Alijua tu kuuliza swali ambalo nyama inaweza kulijibu.

Hapa pana jambo jingine la kuzingatia. Baadhi ya waandishi huitaja hospitali hiyo kuwa ni ile ya Adudi. Lakini hospitali ya Adudi ilifunguliwa mwaka 372 H (982), karibu miaka 60 baada ya kufa kwa al-Razi. Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa historia ya matabibu katika karne ya 7 H, aliliona tatizo hili na akasema kuwa al-Razi alitangulia zama za Adud al-Dawla. Basi kama kisa ni kweli, kinahusu hospitali nyingine. Sisi tunaofundishwa kuuliza hadithi imepokewa na nani kutoka kwa nani, hatuna budi kuipima historia kwa mizani hiyo hiyo.

DARASA LAKE NA WAGONJWA

Ibn al-Nadim, katika kitabu chake cha orodha ya vitabu, ametuachia habari za darasa la al-Razi alizozipata kwa mzee mmoja wa Rayy. Al-Razi alikuwa akikaa, na chini yake wamekaa wanafunzi wake, na chini yao wanafunzi wa wanafunzi wake, safu baada ya safu. Mgonjwa akija, alieleza maradhi yake kwa wale wa safu ya nje. Wakijua dawa yake, basi. Wasipojua, alipelekwa kwa safu inayofuata. Wakishindwa wote, ndipo al-Razi mwenyewe akazungumza.

Utaratibu huo ulikuwa na faida mbili. Mwanafunzi mdogo alipata kumwona mgonjwa halisi na kufikiri kabla hajasikia jibu la mwalimu. Na mwalimu alibaki na wakati wa kutosha kwa ajili ya maradhi magumu. Tena Ibn al-Nadim anamtaja kuwa ni mkarimu, mpole kwa mafukara na wagonjwa, akiwapa posho na kuwauguza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutazama na kuuliza. Alishika mapigo ya damu mkononi, akatazama rangi ya uso na ya mkojo, akauliza homa ilianza lini na inarudi baada ya siku ngapi, mgonjwa amekula nini na analala vipi. Mambo hayo hayahitaji umeme. Yanahitaji subira, na masikio yanayosikiliza.

MGONJWA MWENYE HOMA ZA VIPINDI

Katika maandishi yake mna habari za mgonjwa mmoja aitwaye Abdallah bin Sawada. Homa zake hazikuwa na mpango: mara zinarudi kila siku, mara siku ya tatu, mara ya nne, mara ya sita, na kabla yake hutetemeka kidogo. Pia alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara. Al-Razi alisema mojawapo ya mambo mawili: ama homa hizi zitageuka kuwa homa ya siku ya nne, ama huyu ana jipu katika figo.

Haukupita muda mrefu mgonjwa akatoa usaha katika mkojo. Al-Razi akamjulisha kwamba homa hazitarudi tena, na ikawa hivyo. Akampa dawa za kuzidisha mkojo mpaka mkojo wake ukasafika.

Mwandishi mwingine angeishia hapo na kujisifu. Al-Razi akaendelea kuandika kwa nini hakuwa na uhakika tangu mwanzo. Mgonjwa alikuwa amewahi kuugua homa za kuchanganyika kabla ya hapo, na hilo lilimtia shaka. Kisha akaandika kwamba mgonjwa hakumwambia kuwa akisimama anahisi uzito unaning'inia kiunoni, na kwamba yeye mwenyewe alisahau kumuuliza.

Ndugu wanafunzi, hebu mtafakari. Huyu alikuwa mkuu wa hospitali, na hakuna mtu angejua kwamba kuna swali alilolisahau. Aliliandika ili safari nyingine yeye au mwanafunzi wake asilisahau. Wanafunzi wake walikusanya visa vyake vingine karibu 900 katika kitabu cha majaribio ya tiba. Nguvu yake kubwa ilikuwa hapo: hakuiamini kumbukumbu yake peke yake, aliandika, na aliandika hata lililo dhidi yake.

KULINGANISHA KABLA YA KUAMINI

Wakati wa al-Razi, mwalimu mkubwa wa tiba alikuwa Jalinusi, Myunani ambaye Wazungu humwita Galen, aliyeishi karne ya pili ya Miladi. Al-Razi alimheshimu sana na alikiri deni lake kwake. Pamoja na hayo aliandika kitabu kizima cha shaka zake juu ya Jalinusi. Alieleza humo kwamba katika hospitali za Baghdad na Rayy aliona wagonjwa wengi ambao homa zao hazikwenda kama alivyosema Jalinusi, na idadi yao ilikuwa kama ya wale ambao homa zao zilikwenda hivyo. Ili mtu aseme neno kama hilo ni lazima awe amehesabu.

Safari moja alitaka kujua kama kumtoa mtu damu kunamkinga na uvimbe wa ubongo, maradhi waliyoyaita sirsamu. Waliokuwa na dalili za mwanzo aliwagawa mafungu mawili: wengine akawatoa damu, wengine akawaacha makusudi, apate kuona tofauti. Akaandika kuwa wale aliowaacha waliugua sirsamu.

Hapa tuseme wazi ili mtu asidhurike. Tiba ya leo haikubali kwamba kutoa damu kunazuia maradhi ya aina hiyo. Homa ya uti wa mgongo na ubongo hutibiwa hospitalini kwa dawa maalumu, tena haraka sana, na kila saa inayopotea ni hatari. Wagonjwa wake walikuwa wachache, na mafungu mawili yanaweza kutofautiana kwa sababu ambazo tabibu hazioni. Jibu lake limeachwa. Lakini njia yake, ya kuwa na fungu la pili la kulinganishia, ndiyo ambayo leo dawa mpya na chanjo hupimwa kwayo kabla ya kupewa watu, baada ya kuongezewa masharti mengi ya kuwalinda wagonjwa.

Tena aliandika jaribio la kumnywesha kima zebaki, kwa kuwa watu waligombana kama inaua au haiui. Aliona kuwa kima hakupatwa na zaidi ya maumivu, kwani alikuwa akijinyonganyonga na kulishika tumbo lake. Zebaki ni sumu, na leo tunajua kwamba mvuke wake unadhuru ubongo na figo. Mtoto yeyote asiichezee zebaki ya kipimajoto kilichovunjika.

NDUI NA SURUA

Risala yake iliyoenea kuliko zote ni ile ya ndui na surua. Maradhi haya mawili yote huanza kwa homa, kisha mwili hutoka vipele. Al-Razi alieleza jinsi ya kuyatofautisha kwa dalili ambazo mtu anaweza kuziona na kuziuliza akiwa kando ya kitanda. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, alisema, ni dalili ya ndui. Katika surua, kichefuchefu na kutotulia huzidi, na mgongo hauumi kama katika ndui. Akaeleza pia namna ya kuyatunza macho, koo na masikio ya mgonjwa.

Sababu ya maradhi hakuijua. Alidhani ni damu inayochemka mwilini kama maji ya zabibu yanavyochachuka, na akayahesabu maradhi hayo kuwa jamaa wa karibu. Leo tunajua ni virusi viwili tofauti kabisa. Hata hivyo jicho lake lilikuwa limeona sawasawa: haya ni mawili, wala si moja.

Mtu anaweza kuuliza, kutofautisha vipele kuna faida gani? Jibu lake tunalo karibu na sisi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merka, pwani ya Somalia. Alikuwa mpishi wa hospitali. Kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha akadhaniwa ana tetekuwanga, mpaka ilipotambulika kuwa ni ndui. Baada ya hapo watu waliokutana naye walitafutwa na kuchanjwa, na maradhi hayakuendelea. Mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka ulimwenguni.

Kazi hiyo haikufanywa kwa mashine kubwa. Wahudumu walitembea nyumba kwa nyumba wakiwa na kadi yenye picha ya mgonjwa wa ndui, wakiuliza kama kuna mtu mwenye vipele kama hivi. Chanjo ilitiwa kwa sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma, iliyoshika tone moja la dawa katikati ya ncha zake, na mtu aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Jicho linalotofautisha, swali lililoulizwa vizuri, chombo rahisi na daftari la kumbukumbu: hayo ndiyo mambo ambayo al-Razi aliyaamini.

Surua bado ipo na bado inaua watoto. Tofauti yetu na zama za al-Razi ni kwamba sisi tuna chanjo yake. Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Wazazi wasiiache ile ya pili.

KITABU CHA ASIYE NA TABIBU

Al-Biruni alihesabu vitabu na risala za al-Razi kuwa 184. Kimoja aliandika kwa ajili ya Mansur bin Ishaq, mtawala wa Rayy, nacho kikaitwa al-Mansuri. Kingine aliandika kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu wa kumwendea, na watu wakakiita tiba ya mafukara. Humo alitaja vyakula na dawa ambazo hupatikana jikoni na sokoni, ili masikini na msafiri asikose la kufanya. Tabibu wa watawala alikaa akamfikiria mtu asiyekuwa na kitu.

Aliandika pia risala kueleza kwa nini mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi alipatwa na mafua kila msimu wa mawaridi ulipofika na akayanusa. Wengi wangelipuuza jambo dogo kama hilo. Leo watu wanaopiga chafya kwa sababu ya maua na vumbi wanajulikana kila mahali.

Kitabu chake kikubwa kuliko vyote, al-Hawi, hakukimaliza. Inasimuliwa kwamba baada ya kufa kwake waziri Ibn al-Amid alizipata karatasi zake kwa dada yake, na wanafunzi wake wakazipanga. Mwaka 1279 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini kwa amri ya mfalme wa Sicily, na mwaka 1486 kikapigwa chapa Brescia, Italia. Wazungu walimwita Rhazes, na sehemu ya tisa ya al-Mansuri ilisomeshwa katika vyuo vyao kwa karne nyingi.

MWISHO WAKE

Al-Razi mwenyewe ameeleza kwamba katika mwaka mmoja aliandika zaidi ya kurasa 20,000, na kwamba alifanya kazi ya kitabu kikubwa kwa miaka 15, usiku na mchana, mpaka macho yake yakadhoofika na mishipa ya mkono wake ikaharibika. Baada ya hapo hakuacha. Akawa anatafuta mtu wa kumsomea na kumwandikia. Katika siku zake za mwisho alipofuka. Alifariki Rayy tarehe 5 Shaaban mwaka 313 H (925).

Ni haki tutaje pia kwamba katika mambo ya falsafa na utume, maneno yaliyonasibishwa naye yalikosolewa vikali na wanavyuoni wa Kiislamu, na hata al-Biruni, aliyemheshimu katika tiba, hakumfuata huko. Itikadi yetu tunaichukua kwa wenye elimu ya dini. Kwa al-Razi tunachukua tiba na adabu ya kutafuta elimu.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Umri si kizuizi. Aliyeanza tiba baada ya miaka 30 akawa mwalimu wa walimu, basi aliyekosa darasa moja asikate tamaa.

2. Sayansi huanza kwa kulinganisha. Mwanafunzi na achukue vipande vitatu vya mkate vilivyo sawa, kila kimoja akitie katika mfuko wa nailoni na kuufunga. Kimoja akiweke jikoni, kimoja chumbani, kimoja mahali penye baridi. Kila siku, kwa siku tano, aandike anachokiona. Asiifungue mifuko wala asionje, na mwisho aitupe kama ilivyo. Atakuwa amefuata nyayo za vipande vya nyama vya Baghdad.

3. Tuandike. Mtoto akipata homa, mzazi aandike imeanza siku gani na saa ngapi, inapanda wakati gani, amepewa dawa gani na kiasi gani. Karatasi hiyo apelekewe daktari pamoja na kadi ya kliniki. Asingoje homa itulie ndipo aende. Swali alilolisahau al-Razi huenda likawa limejibiwa na mama katika karatasi hiyo.

4. Tuheshimu walimu wetu, na tupime. Al-Razi alimpenda Jalinusi na akamsahihisha. Sisi nasi tunampenda al-Razi, lakini hatutumii dawa za vitabu vyake vya kale bila ya daktari.

5. Elimu ina haki ya masikini ndani yake. Anayejua na amwandikie asiyejua, kwa lugha anayoifahamu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu macho yenye kuona, mikono yenye kunufaisha na kalamu zenye kusema kweli, awaponye wagonjwa wetu, na ajaalie watoke katika madrasa zetu matabibu watakaoihudumia jamii kwa ikhlasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.